Daftari la Vipande vya Dera

Daftari lenyewe ni lile la gamba jeusi lenye mgongo mwekundu ambalo wenye maduka huandikia madeni. Hili limevimba hata halifungiki tena, na mwenyewe amelizungushia mpira wa kiunoni, ule wa kutia kwenye suruali, lisije likamwaga vilivyomo. Kila ukurasa umegawanywa kwa rula. Kushoto kuna jina la mteja, mji anaokaa, tarehe, bei, na ile namba ya herufi na tarakimu inayokuja na ujumbe wa M-PESA. Kulia kumebanwa kwa pini ya stepla kipande cha kitambaa cha upana wa vidole viwili, kimekatwa kwa mkasi wa meno ili kisifumuke.

Kila dera lililoshonwa katika nyumba hii ya Majengo, Mombasa, likapakiwa basi pale Mwembe Tayari kwenda Nairobi, Eldoret au Garissa, limeacha kipande chake humu. Kuna voili za maua, za mistari, na moja ya manjano iliyopauka kwa kukaa karibu na dirisha. Mimi nilikuwa nimekwenda kuulizia bei za sare za harusi. Habari hiyo sikuiandika. Nilitaka kujua kwa nini mshonaji mwenye kazi tele aketi usiku kubana mabaki ambayo wenzake hushindilia kwenye mito.

"Huyu ndiye shahidi wangu," aliniambia. "Mtu akisema nimemletea siyo, neno langu na neno lake ni sawasawa. Kitambaa hakina upande, mwanangu."

Ameomba jina lake lisitajwe, na sababu yake ni nzito. Kwenye simu yake kuna barua ya wakili.

Mama huyu alikuwa akishonea duka moja la nguo mjini hadi mwaka 2020, korona ilipozima harusi na duka likapunguza mafundi. Akarudi nyumbani na cherehani yake. Binti yake akamfungulia ukurasa wa Instagram na kumfundisha kuweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp. Tangu hapo hana duka wala kibao mlangoni. Mteja huona picha, huuliza bei, hutuma pesa, na siku ya pili hupokea mfuko stendi. Wengi wao hajawaona kwa macho.

Mteja wa Nakuru naye hajamwona. Aliagiza madera 14, sare ya mashangazi na mabinamu wa bibi harusi, rangi ya damu ya mzee, kwa shilingi 1,200 kila moja. Alilipa shilingi 16,800 kwa mkupuo mmoja bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo mama huyu alilitaja mara kadhaa, kwa heshima. Mzigo ulifika siku mbili kabla ya harusi. Usiku huo ukaja ujumbe wa sauti wa mwanamke anayelia: nguo ni zambarau, ameaibika mbele ya wakwe, hakuna muda wa kushona nyingine. Kisha kimya. Kisha barua: ndani ya siku 7 arudishe pesa zote, alipe fidia ya usumbufu na ada ya wakili, la sivyo watakutana mahakamani.

"Sikulala. Nilidhani watakuja polisi wanichukue mbele ya wanangu."

Polisi hawaji kwa jambo kama hili. Ni madai, si jinai. Lakini hakuna aliyemwambia hivyo, na barua yenyewe, yenye muhuri na maneno mazito, haikujisumbua kumweleza. Niliisoma yote nikakasirika. Mteja ana haki ya kudai. Ila mtu anayeandikia barua mshonaji wa nyumbani anajua kabisa hofu inafanya kazi gani.

Aliponiona nimeishika simu muda mrefu, alifungua daftari kwenye ukurasa wa Nakuru, akachomoa pini taratibu na kunipa kipande. "Njoo nacho mlangoni."

Juani kilikuwa damu ya mzee, bila ubishi. Akanirudisha ndani, akawasha ile taa nyeupe ya kubana umeme, na mkononi mwangu rangi ikaanza kuhama. Wekundu ulizama, kitu cha bluu kikapanda juu yake. Nilikigeuza, nikakikunja, nikakisogeza dirishani na kukirudisha. Kila pembe ilitoa jibu lake. Kisha akachukua sindano akafumua ncha, akanitenganishia nyuzi juu ya kiganja: mtande mwekundu, mshindio wa bluu. Kitambaa kilichofumwa hivyo hubadilika kwa mwanga na kwa mkunjo, na ndiyo maana watu hukipenda. Tulifungua picha aliyomtumia mteja, aliyoipiga usiku. Kwenye simu yake ilielekea wekundu. Kwenye yangu, picha ile ile iliiva zaidi, karibu na kahawia.

Basi mteja aliyeona zambarau hakusema uongo. Na mshonaji aliyeuza damu ya mzee naye hakusema uongo.

Sheria ina la kusema, nayo ni kongwe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, ni ya mwaka 1931 na imefuata ile ya Waingereza ya 1893. Inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo, na iliyouzwa kwa sampuli sharti ilingane na sampuli. Mnunuzi ambaye hakuikagua kabla hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha kuikagua. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 imeongeza kuwa anayeuza kwa intaneti amwonyeshe mnunuzi habari zinazotakiwa kabla ya kukubaliana, kisha ampe nakala ya makubaliano. Nilipomsomea hilo la nakala, alitazama uzi mrefu wa WhatsApp, wenye "sawa dada" na picha za maua ya kopakopa, akauliza kama hiyo ndiyo nakala.

Kilichomuumiza zaidi ni kifungu kingine. Mnunuzi mwenye haki ya kukataa bidhaa, kama hawakupatana vingine, halazimiki kuirudisha. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa.

"Kwa hivyo nguo zangu 14 zikae Nakuru, na pesa nitoe? Nauli ya kuzirudisha ni juu ya nani? Na kama walizivaa siku ile ya harusi?"

Hilo la mwisho ni swali la kweli. Mnunuzi akizitumia nguo kama mali yake, huhesabiwa kuwa amezikubali, na haki ya kuzikataa humtoka. Picha za harusi hazijaonekana kwenye ukurasa wa mteja. Mama huyu hachoki kuzitafuta.

Kesi ikifunguliwa, huenda ikaenda kwenye Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mtu anaweza kujisemea bila wakili, hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60, na haifungwi na kanuni kali za ushahidi. Nilimweleza kwamba skrinishoti, ujumbe wa M-PESA, hata kipande kile, anaweza kuvipeleka mwenyewe na kusema kwa Kiswahili chake. Kwa mara ya kwanza mchana ule aliacha kuvuta ncha ya mtandio.

"Nikisimama pale nitaulizwa nini?"

Tukajaribu. Je, ulimwambia mteja kwamba kitambaa kinabadilika? Alinyamaza. Hakumwambia. Kwa mtu aliyeshona miaka yote hiyo, ni jambo linaloonekana tu, na mteja wa dukani angeligundua mwenyewe kwa kukishika na kutoka nacho barazani. Sijui kama mwamuzi angemlaumu kwa kutosema. Mimi simlaumu. Lakini namfikiria pia mwanamke wa Nakuru, mifuko imefunguliwa sebuleni, mashangazi wamemzunguka, na harusi ni keshokutwa.

Jibu kwa wakili limekwishaandikwa na binti yake. Mama yuko tayari kurudisha nusu ya pesa, au zote iwapo madera yatarudi hayajavaliwa, na nauli wagawane. Hawajajibiwa.

Sasa, oda ya sare ikizidi nguo tano, hagusi mkasi kabla ya kutuma kipande kwa basi na mteja kukiona mchana na usiku. Mteja hulipia kifurushi na kungoja siku mbili au tatu. Wiki hii mmoja wa Thika alimjibu kwamba hana muda wa kungoja kitambaa, picha inatosha, na kama hataki kazi aseme. Zilikuwa nguo 20.

"Nimemwambia atafute mwingine," alisema. "Kodi ya mwezi huu sijalipa."