Ngamia wa Turkana na siri ya umbo la seli

Vijana wetu waliowahi kucheza Spore, ule mchezo wa kompyuta wa mwaka 2008 unaoanza ukiwa seli ndogo majini, wanaijua kanuni yake: kula, ukue, umeze walio wadogo. Mchezo mtamu, lakini hapo unadanganya.

Chukua kipande cha muhogo kilichokatwa kama dadu, sentimita 1 kila upande. Eneo la nje ni 6, ujazo wa ndani 1. Kikate cha sentimita 2: nje 24, ndani 8. Tumbo limeongezeka mara nane, ngozi mara nne tu. Na seli hupitisha chakula, hewa na taka kwenye ngozi hiyo hiyo. Ikinenepa mno, inakufa njaa huku imezungukwa na chakula. Basi hugawanyika, au hujifanya bapa au ndefu.

Seli nyekundu za damu yetu ni bapa, duara, zimebonyea katikati kama kisahani. Za ngamia ni bapa pia, ila zina umbo la yai. Huko kati ya Lodwar na Kakuma, ambako mto kama Tarach hubaki mchanga mtupu miezi mingi, tofauti hiyo ni uhai. Damu ikiwa nzito kwa kiu, seli ndefu bado hupenya mishipani. Kisha ngamia akifika kisimani hunywa hata lita 100 kwa dakika chache. Maji huingia damuni, seli huvimba. Za ng'ombe hupasuka zikifika kama asilimia 130 ya ujazo wake. Za ngamia, kwa umbo na utando wake imara, hustahimili hadi 240.

Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini, na wafugaji wengi wa kaskazini sasa wanageukia ngamia. Si rahisi: bei yake kubwa, na mimba yake huchukua kama miezi 13.

Sisi wa Pwani umbo la seli tunalo nyumbani: selimundu. Urithi wake ukitoka kwa mzazi mmoja humkinga mtoto na malaria kali, jambo lililochunguzwa sana Kilifi. Ukitoka kwa wote wawili, seli hujikunja kama mundu, huziba mishipa, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Mume na mke wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa hivyo. Kujua kunahitaji kipimo cha damu tu, na hufanywa hata kabla ya posa.