Mzazi Aliye Likizoni na Cheo Kilicho Wazi

Bibi mmoja wa mjini Tanga, karani wa ghala ya dawa kwa muda wa miaka tisa, alijifungua mtoto mwanamume salama salimini, naye akawa nyumbani akilelewa na mavyaa wake kama ilivyo ada yetu. Siku ya ishirini na sita ya uzazi wake, mwenziwe wa kazini alimpigia simu kumpa habari. Msimamizi wa ghala amestaafu, na nafasi yake imetangazwa kwa watumishi wa ndani peke yao. Tangazo lilibandikwa ubaoni pale pale ofisini, na muda wa kupeleka maombi ulikuwa umesalia siku nne. Hapana mkubwa yeyote aliyekumbuka kumpelekea habari yule aliyeko nyumbani.

Alipolitaja jambo hilo, mavyaa wake alishika shavu. "Mwanangu, arubaini haijatoka, nawe wataka kuandika barua za kazi? Mtoto huyu atanyonya karatasi?"

"Mama, siendi kazini leo," alijibu kwa adabu. "Nataka tu nisisahauliwe."

Mumewe alinyamaza. Jioni, baada ya sala ya Magharibi, alitujia sisi jirani zake, akauliza mambo mawili: je, serikali yamruhusu mkewe kuomba, na je, dini yamruhusu?

Tulianza na sheria, kwani hilo ndilo jepesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 yampa mzazi likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Katika majuma sita ya kwanza haruhusiwi kufanya kazi ila kwa idhini ya daktari. Lakini kuandika barua ya maombi si kufanya kazi. Mzazi aliye likizoni hakutoka katika utumishi. Jina lake lingali katika daftari, na likizo ikiisha ana haki ya kurejea kwa masharti yale yale aliyoyaacha. Sheria hiyo hiyo yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa ajili ya ujauzito. Kwa ndugu zetu wa Mombasa na Lamu, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yatoa miezi mitatu yenye mshahara kamili, nayo yataja waziwazi kwamba ubaguzi wa namna hiyo umekatazwa hata katika kupandisha vyeo. Kabla ya mwaka huo mzazi wa Kenya alipewa miezi miwili tu, na likizo yake ya mwaka ikapotea.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba sheria yampa mzazi cheo. Yampa mlango tu. Kuingia ni kwa sifa zake.

Ama upande wa dini, baadhi ya watu huichanganya ada na hukumu. Nifasi, kwa madhehebu ya Imam Shafi ambayo wengi wetu twayafuata, aghalabu huwa siku 40 na mwisho wake ni siku 60. Katika muda huo mwanamke huachishwa sala na saumu, na mumewe hamkaribii. Hatujaona mahali alipokatazwa kushika kalamu.

Kijana mmoja aliyekuwapo barazani alitukumbusha kwamba Mtume s.a.w. alimkataza Abdurrahman bin Samura asiuombe uamiri. Ni kweli, na hadithi hiyo ni sahihi. Lakini Nabii Yusuf a.s., katika sura iitwayo kwa jina lake, ndiye aliyemwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akataja kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Wanavyuoni wakafafanua kwamba lawama ni kwa mwenye kutamani ukubwa au asiyeuweza, si kwa mwenye ujuzi ambaye watu wahitaji amana yake. Tena cheo kinachotangazwa ili kiombwe, mtu atakipataje pasipo kuomba? Na huyu bibi yetu naye aliomba ghala!

Basi barua yake ifanane na maombi hayo. Asijieleze kwa huruma za uzazi, wala asifiche hali yake. Ataje miaka yake tisa, jinsi alivyohesabu dawa na kuzitenga zilizokaribia kuharibika, na siku hasa atakayorejea kazini. Bintiye yule mzee wa Madiani, aliyemshauri babake amwajiri Nabii Musa a.s., alitaja sifa mbili tu, nguvu na uaminifu. Hata leo hatujui mwajiri anayetafuta zaidi ya hizo. Kisha aulize, na ajibiwe kwa maandishi: mshahara ni upi, yako majaribio ya miezi mingapi, na akishindwa katika majaribio hayo atarudishwa mahali pake pa zamani au atakuwa amekosa pote pawili? Swali hili la mwisho wengi hulisahau, nalo ndilo lenye hatari, kwani ile haki ya kurejea kwa masharti ya zamani haimaanishi kwamba atayarudia baada ya kuyaacha kwa hiari yake.

Likabaki la mtoto, na hapo hatukuwa wepesi wa kusema. Qurani Tukufu, katika Suratul Baqara, yataja miaka miwili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza, yamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama, na hata kumwachisha mtoto kabla ya muda huo imekufanya kuwe kwa ridhaa na mashauri ya wazazi wawili. Ikiwa ziwa lataka mashauri, je, kazi ya kutwa? Sheria ya Tanzania yampa anyonyeshaye hadi muda wa saa mbili kila siku ya kazi, lakini muda huo wafaa nini ikiwa nyumba iko mbali na mtoto hana wa kumleta? Tulimwambia yule mume, "Bwana, usiihesabu nyongeza ya mshahara peke yake. Hesabu na nani atakayembeba mtoto." Alituangalia kitambo, akacheka, akasema, "Mwasema mimi."

Nasi tulisema yeye. Mtumishi mwanamume akienda Hija, akarudi akakuta cheo kimegawiwa pasipo yeye kuambiwa, mji mzima utasikia malalamiko yake. Mbona mkewe aambiwe asubiri mwaka mwingine?

Barua iliandikwa usiku ule, na asubuhi mume mwenyewe aliipeleka. Siku ya usaili ilipangwa kuwa ya thelathini na tisa. Bibi akaomba isogezwe juma moja, wakakubali. Siku hiyo mume aliketi nje chini ya mwarobaini akiwa na mtoto mapajani, na mavyaa aliyeshika shavu ndiye aliyekuja na mkeka na nepi, akimkemea mwanawe kwamba hajui kumshika mtoto shingo. Bibi alikaa ndani dakika arubaini, akatoka, akanyonyesha, wakarudi nyumbani.

Hadi tuandikapo haya majibu hayajatoka, na funguo za ghala zingali mezani kwa mkubwa wa idara.