Tegu wa nguruwe: asiyekula kitimoto naye yuko hatarini

Ukila kitimoto Tunduma, Mlowo au Vwawa, kazi ya kusaga nyama ile inaanzia mdomoni. Meno yanaikatakata, mate yanailainisha, kisha inateremka kwenye umio hadi tumboni. Huko inakutana na asidi kali na vimeng'enya vinavyovunja protini. Baada ya saa chache inakuwa uji mzito unaoingia taratibu kwenye utumbo mdogo, ambako nyongo kutoka kwenye ini na majimaji ya kongosho humalizia kazi.

Utumbo mdogo una urefu wa takriban mita 6, na ndipo virutubisho vinapoingia kwenye damu. Mabaki huenda utumbo mpana, maji hufyonzwa, kinachobaki ni choo.

Sasa, kama nyama ile haikuiva na ilikuwa na vifuko vyeupe vyenye maji, vya ukubwa wa punje ya mchele au kubwa kidogo, ndani yake mna mtoto wa tegu. Asidi na nyongo, badala ya kumuua, humfungulia mlango. Anatoa kichwa chenye ndoano na kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mdogo. Tegu hana mdomo wala tumbo. Anafyonza chakula kupitia ngozi yake, ndiyo maana anakaa pale ambapo wewe umeshamsagia kila kitu. Anaweza kufikia mita kadhaa na kuishi miaka, na mwenye naye asijue, hadi siku aone pingili nyeupe bapa kwenye choo.

Hadi hapo madhara si makubwa sana. Balaa liko kwenye mayai yanayotoka na choo hicho. Nguruwe anayezurura akila kinyesi cha mtu, mayai yanakuwa vifuko kwenye nyama yake. Binadamu naye akiyameza, kwa mikono isiyonawiwa baada ya chooni, maji machafu au mboga mbichi, yanaanguliwa utumboni, watoto wa tegu wanatoboa ukuta na kusafiri na damu. Wakifika kwenye ubongo huweza kuleta kifafa.

Hapa wengi huchanganya: nyama mbichi inakupa tegu wa utumboni, lakini vifuko vya kichwani vinatokana na kinyesi cha mtu mwenye tegu. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuupata, hasa akipikiwa na mtu mwenye tegu asiyenawa mikono.

Kwetu jambo hili si la vitabuni. Wilaya ya Mbozi imefanyiwa utafiti wa tegu kwa watu na kwa nguruwe tangu ilipokuwa bado Mkoa wa Mbeya, kabla ya Songwe kuanzishwa mwaka 2016, na ugonjwa ulikutwa. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo ya namna hii, takriban asilimia 30 ya kifafa kinaweza kuhusishwa na tegu. Wangapi kati yao tumewapeleka kwa mganga tukidhani wamerogwa?

Nguruwe afungiwe bandani, choo kitumike, nyama ikaguliwe na iive hadi ndani, hata kama foleni ya wateja ni ndefu. Ukiona pingili, nenda kituo cha afya. Usijinunulie dawa ya tegu dukani: kama vifuko viko kichwani tayari, dawa inaweza kusababisha uvimbe kwenye ubongo na kuamsha degedege.