Bomba Lipite Chini ya Ntahangwa?

Anayeuona Mto Ntahangwa mjini Bujumbura wakati wa kiangazi anaweza kuudharau. Maji hayapiti kifundo cha mguu, mawe yamezagaa kila mahali, na vijana wanazoa mchanga na kupakia malori. Mvua kubwa ikipiga milimani, mto huohuo hushuka kwa kishindo, ukiviringisha mawe na kumega kingo hadi kwenye misingi ya nyumba.

Sababu ni mteremko. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali milima ya mashariki mwa Bujumbura hupita mita 2,000, tena si mbali na ziwa. Ntahangwa, Muha na Kanyosha zote hushukia mjini kwa kasi kwenye mteremko huo. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua ya saa chache ilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 60, wengi wao katika mitaa ya kaskazini kama Kamenge na Kinama.

Mito hiyo imeukata mji vipande, na huduma hazina budi kuivuka. Maji na umeme wa shirika la REGIDESO, pamoja na nyaya za intaneti, lazima vifike ng'ambo zote. Kwa kawaida bomba hufungwa ubavuni mwa daraja, waya hupitishwa juu ya nguzo, au mtaro huchimbwa kwenye kitanda cha mto wakati maji yamepungua. Kila njia ina udhaifu wake. Daraja likienda, bomba nalo huenda; nguzo ya ukingoni huanguka pamoja na ukingo; na mtaro usio na kina hufukuliwa na mafuriko ya kwanza makubwa.

Ipo njia ya nne: kutoboa ardhi chini ya mto bila kugusa maji.

Mtambo huwekwa upande mmoja, mbali kidogo na ukingo, nao huingiza vyuma vya kutobolea kwa mshazari. Ncha ya mbele imekatwa upande. Ikizungushwa, huenda moja kwa moja. Ikisukumwa bila kuzungushwa, hukunja kona. Nyuma yake kuna kifaa kidogo kinachotuma mawimbi. Mahali panapopitika, fundi hutembea juu ya ardhi akiwa na kipokezi mkononi, akisoma kina na uelekeo, na kumwambia mwenzake wa mtambo ageuze wapi. Muda wote tope la bentonaiti, yaani udongo laini uliochanganywa na maji, husukumwa ndani ili kupoza ncha, kutoa uchafu na kuzuia tundu lisiporomoke.

Ncha ikitokeza ng'ambo, hufungwa kipanuzi, na tundu hupanuliwa kwa awamu. Mwisho bomba lililokwisha kuunganishwa huvutwa kurudi upande wa mtambo, kama kamba inavyopitishwa kwenye kiuno cha suruali kwa pini.

Mbinu hii ilianza California, Marekani. Mwaka 1971 Martin Cherrington aliitumia kupitisha bomba la gesi chini ya Mto Pajaro. Lakini wazo la kupita chini ya mto ni la zamani zaidi: London, njia ya Tower Subway ilichimbwa chini ya Mto Thames na kufunguliwa mwaka 1870. Watu waliitumia kwa miguu, na daraja la Tower Bridge lilipofunguliwa mwaka 1894 likawanyang'anya wateja, ikabaki kupitisha mabomba ya maji. Karibu nasi, mradi wa mafuta wa Tilenga nchini Uganda ulipanga kutoboa hivyohivyo chini ya Nile ya Victoria, ili mafuta ya ng'ambo ya kaskazini yafike Buliisa.

Hata hivyo, udongo ndio wenye neno la mwisho. Udongo wa mfinyanzi na mchanga ulioshikamana hutobolewa kwa urahisi. Changarawe na mawe ya mviringo, ambayo mito ya Bujumbura huyashusha kila msimu, ni adui: tundu huporomoka, tope hupotelea pembeni, na ncha hupotoshwa njia. Tope likipata ufa, huweza kufumka mtoni. Kwenye ardhi ya namna hiyo wahandisi huenda chini zaidi, au huchimba shimo kila upande na kusukuma mabomba mazito nyuma ya mashine inayosaga mawe. Gharama nayo hupanda.

Kwa hiyo upana wa Ntahangwa si tatizo. Ni mto mwembamba. Cha kujua ni mafuriko yanaweza kuchimba kitanda chake hadi kina gani, na chini ya kina hicho kuna nini. Majibu hupatikana kwa kutoboa mashimo machache ya majaribio kwenye kingo zote mbili na kuzipima sampuli za udongo. Kazi hiyo ni nafuu kuliko kutengeneza bomba lilelile kila baada ya masika, na ingefaa ifanywe kabla ya bomba jingine kufungwa kwenye daraja.