Kofia ya Bodaboda na Kamba Yake

Kofia ngumu humlinda mpanda pikipiki kwa tabaka mbili: gamba la nje husambaza kishindo, na povu gumu la ndani hubonyea na kukipunguzia makali kabla hakijafika kwenye ubongo. Povu hilo likishabonyea halirudi. Kofia iliyokwisha kupata ajali, hata ikionekana nzima, haifai tena. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kofia ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Sawasawa maana yake kamba imefungwa kidevuni. Ile inayoning’inizwa kwenye usukani, kama ilivyo kawaida vijiweni, hailindi chochote ila usukani. Abiria naye anahitaji yake.