Mwacheni Azeeke na Kazi Yake

Upo wema ambao ukipimwa sawasawa huonekana kuwa ni adhabu. Mama mshonaji wa Kariakoo, au mdarizi, au mwimbaji wa taarab, akipatwa na saratani ya titi, akakatwa, akatibiwa na kupona, hurudi nyumbani akitazamia kuishika tena kazi yake. Watoto wake na majirani humpokea kwa furaha, kisha humwambia, "Mama, umeteseka vya kutosha, sasa keti upumzike." Cherehani hufunikwa khanga, wateja huelekezwa kwa fundi wa jirani, na mwanamke wa miaka hamsini hufanywa kikongwe kwa siku moja. Sisi twasema jambo hilo halifai.

Wapo hata leo wanaolitaja jina la Ocean Road kwa kunong'ona, kana kwamba aingiaye pale hatoki. Majengo yale ya pwani, yaliyojengwa na Wajerumani na kumalizika mwaka 1897, yamekuwa makao ya taasisi ya saratani tangu mwaka 1996. Si mbali na Kariakoo. Tatizo ni kwamba wengi hufika wamechelewa, uvimbe ukiwa umefichwa chini ya nguo kwa miezi mingi kwa kuogopa kisu, na zaidi ya kisu, kwa kuogopa kuachwa na mume. Afikaye mapema ana tumaini kubwa la kupona, na kupona maana yake ni kuwa na miaka mingi mbele ya kuishi. Miaka hiyo ndiyo twataka kuizungumza, kwani haizungumzwi.

Uzee wa mama huyu haumjii kwa taratibu kama uwajiavyo wenzake. Dawa kali za mshipani zaweza kuikomesha hedhi kabla ya wakati wake. Vidonge vya tamoksifeni, ambavyo wengine hupewa wameze kwa miaka mitano au hata kumi, huweza kuleta joto la ghafula: mtu ameketi kivulini, mara jasho lamtiririka kama aliyebeba gunia. Nywele zilizonyonyoka hurudi, lakini pengine hurudi na mvi, au zikiwa na msokoto ambao hakuzaliwa nao. Mwingine huzipaka hina, mwingine huziacha. Yote ni sawa, na wala si shauri la jirani. Lakini mwanamke aliyewahi kukaa akidhani hatafikia kuwa na mvi, mvi zile kwake ni mali.

Sasa tuje kwenye mkono, kwani hapa ndipo wema wetu unapokosea zaidi. Daktari akiondoa matezi ya kwapani pamoja na titi, maji ya mwili hupungukiwa na njia ya kupita, na mkono wa upande ule waweza kuvimba, pengine miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mama huambiwa ajihadhari na majeraha na moto: avae kastabani kidoleni, aangalie sana pasi ya mkaa, na asikimbilie kunyanyua jora zima la kitambaa peke yake. Lakini haambiwi aukalie mkono. Mkono wataka kunyooshwa na kuzoeshwa kazi kidogo kidogo, ama sivyo bega hukakamaa. Basi yule mtoto amnyang'anyaye mama yake mkasi kwa mapenzi, amnyang'anya na dawa.

Jambo hili si geni duniani. Frances Burney, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alikatwa titi mjini Paris tarehe 30 Septemba 1811, wakati ambapo dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi ilikuwa haijapatikana. Umri wake ulikuwa miaka 59. Miongoni mwa waganga waliomkata alikuwamo Larrey, mpasuaji mashuhuri wa majeshi ya Napoleon. Wataalamu wa leo hubishana kama uvimbe ule ulikuwa saratani kweli, maana hapakuwa na maabara ya kuupima. Lakini kisu kilikuwa kisu. Mama yule aliandika barua ndefu kwa dada yake kueleza yote, akatoa riwaya nyingine mwaka 1814, na mwaka 1832, akiwa na miaka 80, akatoa kitabu cha maisha ya baba yake. Alifariki mwaka 1840.

Msomaji atasema huyo alikuwa mke wa jenerali, hakudaiwa kodi ya chumba Mtaa wa Swahili. Ni kweli. Kwa mama wetu cherehani si kiburudisho cha uzeeni. Ni unga, ni kodi, ni nauli ya kwenda kliniki.

Na mtu asituambie kwamba watu wetu hawapendi kazi ya mzee. Bi Kidude wa Unguja, ambaye twamtaja kwa habari ya uzee wala si ya maradhi haya, alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 akiwa bibi wa siku nyingi, sauti yake imekwaruza na ngoma ya unyago bado iko mikononi mwake. Hakuificha ile mikwaruzo. Watu walimsikiliza hadi karibu na kifo chake mwezi Aprili 2013.

Vikundi vya washonaji vya mjini vyaweza kuanza hata mwezi huu. Sare za shule zinapokuwa nyingi, mama aliyetoka hospitali apewe fungu lake kwa hesabu ya vipande, na ujira sawa na wenzake kwa kila kipande. Kijana mmoja amnyanyulie majora. Apewe kazi ya pindo na vifungo asubuhi, jua halijawa kali, na awekewe ile mashine iliyo karibu na mlango, ambako upepo hupita.