Msimu wa Baiskeli Uanzie Chuoni: Barabara ya Kolandoto na Vijana Wetu

Mtu asimamaye alfajiri katika njia panda ya Kolandoto, pale barabara itokayo Mhunze inapokutana na barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza, ataona mashindano ya baiskeli ambayo hayakutangazwa na mtu yeyote. Wapita wenye magunia ya mkaa yaliyofungwa kwa mipira, wapita wenye madumu ya maziwa, wapita wenye matenga ya kuku. Mara hupita mgonjwa aliyeketi juu ya keria, amemshika nduguye kiunoni, waelekea hospitali ya misheni ambayo watu wa nchi hii wameitegemea tangu mwanzo wa karne iliyopita. Hapana saa ya kupima mwendo wala kikombe mwishoni. Lakini mtu aliyebeba gunia la mkaa kutoka mbali, akafika sokoni kabla jua halijawa kali, amekwisha kufanya kazi ambayo washindani wengi wa Ulaya wasingeiweza.

Leo twataka kuwaandikia wanachama na wafanyakazi juu ya jambo ambalo wengine watadhani ni dogo, yaani mbio za baiskeli za vijana wa vyuo. Si dogo. Kolandoto pana chuo cha sayansi za afya kandokando ya hospitali, chenye mamia ya wasichana na wavulana wanaojifunza uuguzi na kazi nyinginezo za tiba. Pana tambarare, pana barabara, na watu wake wamelelewa juu ya baiskeli. Kinachotakiwa ni msimu.

Kwanza tukumbuke baiskeli ilivyofika Usukumani. Haikuletwa na mchezo. Ililetwa na pamba. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walijiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Victoria, ambalo Ndugu Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Mkulima alipopokea fedha yake mizanini, vitu vya kwanza alivyowaza ni ng'ombe, bati na baiskeli. Raleigh nyeusi, yenye kengele na taa ya dinamo, ilikuwa alama ya mtu aliyelima akavuna. Baadaye zikaja Phoenix za China, na katika miaka ya kujitegemea tukaunda zetu wenyewe Dar es Salaam, tukaziita Swala. Jina lilikuwa zuri kuliko minyororo yake, lakini hilo tuliache.

Chama nacho kina deni kwa baiskeli. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilikataa kuandikisha matawi yake katika Usukuma, na katazo hilo likaendelea hadi mwaka 1958. Kazi ya siasa ikapita katika njia za ushirika, kijiji kwa kijiji, kwa miguu na kwa magurudumu mawili. Mwaka huo wa 1958 watu wa Geita walipokataa baraza waliloletewa na wakoloni, walifunga safari mpaka Mwanza kudai haki yao, wakarushiwa mabomu ya machozi. Watu hawa hawakuogopa umbali. Wala Mwalimu hakuogopa umbali, alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka 1967 kuliunga mkono Azimio la Arusha, safari ya zaidi ya kilomita 200. Siku hizi wako wananchi wanaotoka Dar es Salaam kwa baiskeli hadi Butiama kila mwaka, wakikusudia kufika kwa kumbukumbu ya tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999. Twawapongeza. Lakini msafara ni msafara, na mashindano ni kitu kingine.

Mashindano tumekuwa nayo. Kampuni ya simu ya Vodacom iligharimia kwa miaka kadhaa mbio kubwa za baiskeli za Mwanza, na vijana wa Shinyanga na Arusha walikwenda kupimana nguvu huko. Katika michezo ya Mei Mosi na ile ya watumishi wa wizara na idara za Serikali, baiskeli imo pamoja na kuvuta kamba, netiboli na bao. Mfanyakazi asomaye gazeti hili huenda amekwisha kushindana mwenyewe. Ubaya wa mbio zetu ni kwamba nyingi ni za siku moja. Kijana hufanya mazoezi majuma mawili, hushindana, hupewa fedha au televisheni, kisha hurudi kubeba mkaa hadi mwaka ujao. Mfadhili akibadili nia, hata siku hiyo moja hupotea. Mpira wa miguu ungekuwa na hali gani kama timu zingekutana mara moja kwa mwaka?

Neno hili msimu twaomba lieleweke vema. Katika Marekani vyuo hushindana kwa baiskeli barabarani wakati wa machipuko. Kila mwisho wa juma chuo kimoja huwa mwenyeji, na vingine humfuata. Siku moja huwa ya mbio ndefu za barabarani; siku ya pili huwa ya mizunguko mifupi ya kasi mjini, au ya timu kukimbia peke yake dhidi ya saa. Washindani hugawanywa kwa madaraja, hata mwanafunzi aliyeanza juzi hupata mbio zinazolingana naye, wala haachwi kilomita ya pili akajiona mjinga. Na jambo kubwa ni hili: pointi za wote huhesabiwa kwa chuo. Yule wa daraja la chini aliyeshika nafasi ya tano ameleta kitu nyumbani, naye Jumatatu atasalimiwa na mwalimu wake.

Liko na shindano jingine huko, katika Chuo Kikuu cha Indiana, ambalo latufaa zaidi. Lilianzishwa mwaka 1951 ili kuchanga fedha za kuwasomesha wanafunzi wanaofanya kazi huku wakisoma. Timu ni ya watu wanne, wakipokezana baiskeli, nao huzunguka uwanja mara 200, jumla ya maili 50, yaani kama kilomita 80. Wanawake walipata shindano lao wenyewe mwaka 1988. Na baiskeli zote ni za namna moja, zenye gia moja tu. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mfanyakazi hupanda chuma kile kile.

Hapo ndipo penye fundisho kwa Kolandoto. Baiskeli ya mashindano ya dunia, ambayo sheria yataka isipungue kilo 6.8, huweza kuuzwa kwa bei inayozidi pikipiki nyingi za bodaboda zikijumlishwa. Tukianza na hizo, mchezo utakuwa wa watu wachache wa mjini, na kijana wa Kishapu atabaki kupiga makofi kando ya njia. Bali tukisema daraja la kwanza la msimu wetu ni baiskeli ya kazi, nzito, yenye gia moja na keria yake nyuma, basi kila nyumba ya Usukuma ina chombo tayari, na kila njia panda ina fundi awezaye kunyoosha rimu na kubadili spoku kabla chai haijapoa. Daraja la pili na liwe la baiskeli za gia, hata zikiwa kuukuu. Anayeshinda katika la kwanza aazimwe ya pili. Wakati utasema.

Wako watakaocheka na kusema kwamba kwa keria hatufiki popote. Na watazame ng'ambo ya Rusumo. Rwanda ilianza timu yake ya taifa mwaka 2007 kwa msaada wa Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki mbio kuu za Ufaransa, na miongoni mwa vijana waliochukuliwa walikuwamo waliokuwa wakibeba abiria kwa baiskeli, kazi ile ile ambayo vijana wa Shinyanga waliifanya miaka mingi, na ambayo mji mzima uliiita daladala kabla pikipiki hazijawapunguza. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti wa Rwanda alishindana katika Olimpiki ya London. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga alishinda mbio za kuzunguka nchi yake, akarudia mwaka 2016. Na mwezi wa Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika historia, ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani ulifanyika Afrika, mjini Kigali. Wanaume walikwenda kilomita 267.5 katika vilima vile. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na katika kundi lote lililoondoka waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Kwa wanawake alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada.

Tusiishie Rwanda. Kule Kikuyu, nchini Kenya, David Kinjah amewafundisha vijana wa kijijini kwa miaka mingi katika nyumba yake, na mmoja wa waliopita mikononi mwake akiwa mtoto ni Chris Froome, aliyeshinda mbio za Ufaransa mara nne. Biniam Girmay wa Eritrea alipata ushindi wa hatua tatu katika mbio hizo mwaka 2024 na kuvaa jezi ya kijani hadi Nice. Eritrea wala si nchi tajiri. Ina mashindano ya mara kwa mara, na watu wanaotoka nje kutazama.

Sasa turudi nyumbani. Msimu wa Kanda ya Ziwa hapana haja ya kuubuni; mbingu zimekwisha kuupanga. Mvua hukoma Mei, pamba huuzwa, barabara hukauka, na hadi Oktoba jua huwa letu. Lakini upepo huvuma, na hapo yaanza elimu ya mchezo huu. Mtu aendeshaye nyuma ya mwenzake kwa karibu huokoa hata robo ya nguvu yake, kwa kuwa wa mbele amempasulia hewa. Upepo ukitoka ubavuni, kama uvumavyo katika tambarare za Shinyanga, wajuao hujipanga mshazari, kila mmoja akijificha begani mwa mwenziwe, wakipokezana kukaa mbele. Mvivu hujulikana mara moja. Mwenye kiburi naye, akitaka kuongoza peke yake, huchoka na kuachwa. Sisi tulijifunza kuendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba la baiskeli ya mzee, hatukufundishwa hata moja kati ya hayo. Mwanafunzi wa chuo aweza kufundishwa kwa juma moja.

Njia zipo. Ya kwanza, kutoka Shinyanga mjini kupitia Ibadakuli hadi Kolandoto na kuendelea mpaka Maganzo, mlangoni pa almasi za Mwadui, kisha kurudi: hiyo yafaa kwa wanaoanza. Ya pili, kutoka njia panda kwenda Mhunze na kurudi, kama kilomita 100. Ya tatu ndiyo ya kufungia msimu: Kolandoto, Mabuki, Misungwi, Usagara, kisha kuliacha jiji la Mwanza upande wa kulia na kuelekea Geita. Zamani mbio hizo zingekufa Kigongo, wote wakisubiri kivuko. Tangu Juni 2025 liko daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na mtu aweza kuvuka ziwa bila kushuka kwenye pedali. Safari nzima ni ya siku mbili, na walale Sengerema. Wachimbaji wa Geita wakija kuwapokea, hapo tutajua kwamba mchezo umepata wenyewe.

Juu ya wasichana tusizunguke. Katika chuo cha uuguzi ndio walio wengi, na timu isiyokuwa nao haitakuwa timu ya chuo hicho. Wapewe mbio zao, umbali wa haki, na zawadi sawasawa na wavulana. Yako mazungumzo ya zamani kwamba baiskeli haimfai binti. Waulizwe wauguzi wa zahanati wangapi huenda kazini kwa nini. Muuguzi ajuaye kuendesha kilomita 40 bila kuhema atamfikia mzazi kijijini hata gari la wagonjwa likiwa limeharibika.

Walimu watauliza juu ya masomo, nao wana haki. Mwanafunzi wa afya ana zamu wodini, usiku na mchana, na hapana mbio zinazopaswa kumwondoa kitandani mwa mgonjwa. Ndiyo maana mwisho wa juma mmoja katika mwezi watosha kwa mwaka wa kwanza: mashindano matano, tangu Juni hadi Oktoba. Hatari ya barabarani ni neno zito zaidi. Mabasi ya Mwanza hayamngoji mtu, na kijana akigongwa hakuna kikombe kitakachomlipa mama yake. Mbio zianze saa 12 asubuhi, polisi wa usalama wafunge njia kipande kwa kipande, kila mshindani avae kofia ngumu, asiye nayo asiondoke. Juu ya hili hatutaki masikilizano.

Fedha inayotakiwa si nyingi. Vyama vya wafanyakazi vya Shinyanga na migodini vingeweza kununua kofia 40 na mipira ya akiba, na kuleta wapanda baiskeli wao wa Mei Mosi wawe wapinzani wa wanafunzi katika shindano la kwanza. Wabeba mkaa nao waitwe, wapewe namba kifuani kama wengine. Twashuku kwamba mwaka wa kwanza watawashinda wote. Tawi la Chama la Kolandoto twaliomba jambo moja jepesi: siku hiyo liweke meza njia panda, yenye maji, ndoo na sifongo, na wazee wawili wenye saa zinazokwenda sawa.